Mdogo wangu kapaka wino wa hailaita kwenye mazabodi ing'ae kwa taa ya UV, sasa asubuhi PC haiwaki ila mchana inawaka. Wino unapitisha umeme?

#1 tanga_raha_pc
Wakuu habari za muda huu. Naenda moja kwa moja. Mdogo wangu ana kompyuta ya mezani ya zamani, kizazi cha Core 2 Duo, kesi kaikata ubavu mmoja akaweka akriliki ili ndani kuonekane. Sasa akaona video za watu wanaopamba ndani ya kompyuta kwa vitu vinavyong'aa chini ya taa ya UV, basi akavunja hailaita za njano (zile kalamu za kupakia rangi juu ya maandishi), akaloweka ule utambi wa ndani kwenye maji kidogo, akachukua pamba za masikio akaanza kuchora. Kachora kingo za mazabodi (ile bodi kuu ya kompyuta), kaandika jina lake pembeni ya sloti za RAM (vibao vya kumbukumbu), kapaka majani ya feni na hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) juu. Ukizima taa ya chumba kiukweli inapendeza, kijani kikali kile mpaka jirani anakuja kuangalia.

Imepiga kazi wiki kadhaa bila neno. Sasa hivi asubuhi ukibonyeza feni zinazunguka, skrini nyeusi, saa nyingine inazima yenyewe. Ikifika saa sita saba mchana inawaka kawaida na inacheza gemu hadi usiku. Yeye anasema wino hauhusiki kwa sababu umeshakauka. Mimi nasema ni wino. Tupo Tanga mjini, sio mbali na bahari. Nani yuko sahihi?

#2 siti_ya_mbele
Nimeshakaa, karanga ninazo.

#3 multimita_mkononi
Unapitisha au haupitishi inategemea hewa ya siku hiyo. Wino wa hailaita sio rangi peke yake, mle kuna maji, kuna glaikoli au gliserini ili ncha ya kalamu isikauke, na rangi yenyewe nyingi ni chumvi inayoyeyuka kwenye maji. Maji yakiondoka hivyo vingine vinabaki palepale. Gliserini na glaikoli tabia yao ni kuvuta unyevu wa hewa. Sasa hiyo kitu iko Tanga, usiku unyevu unapanda, alfajiri ndio kilele chake, kwa hiyo asubuhi una utando wa chumvi uliolowa katikati ya pini za RAM ambazo zimeachana kama milimita moja tu. Umeme unavuja, mashine inachanganyikiwa. Jua likipanda utando unakauka, mashine inawaka. Mimi kwangu kesi imeisha, mdogo wako alipe faini.

#4 babu_kapasita
Mkuu #3 haraka ya nini. Core 2 Duo zimeanza kutoka 2006, hiyo mashine ni mtu mzima. Miaka ya mwanzo ya 2000 kulikuwa na balaa la kapasita (vile vikopo vidogo vya kutunza chaji kwenye bodi) mbovu dunia nzima, zinavimba kichwa na kutoa ute wa kahawia, na hata nzima nazo zinakauka ndani kadiri miaka inavyokwenda. Kapasita iliyokauka dalili yake kubwa ni hii hii: mashine ikilala usiku kucha inagoma kuamka, ikishapata uvuguvugu inakubali. Fungua powasaplai (lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta) uangalie, angalia na zile zinazozunguka prosesa. Wino umekutwa tu eneo la tukio.

#5 msee_wa_luthuli
Buda #4 hiyo ya mashine kukataa kuamka na baridi mimi naielewa huku Nairobi mwezi wa saba, huwa naletewa nyingi hapa Luthuli. Lakini Tanga? Hiyo baridi ya Tanga iko wapi maze, watu wa huko wanalala bila shuka

#6 babu_kapasita
Sio baridi ya kuvaa sweta. Kapasita chovu inaanza kuzingua hata kwenye joto la kawaida la chumba, ukiiwasha mara kadhaa ripo (mawimbi ya umeme yanayopita ndani yake) inaipasha yenyewe kwa ndani halafu inatulia. Ndio maana nataka mleta uzi ajibu kitu kimoja: hiyo saa sita inawaka mara ya kwanza ukibonyeza, bila kuguswa tangu alfajiri? Au dogo anabonyezabonyeza asubuhi nzima? Kama haijaguswa na inawaka, nampa #3 mkono. Kama anabonyeza kila saa basi ni mimi.

#7 tanga_raha_pc
Mkuu #6 nimemuuliza, anasema anabonyeza kila anapopita. Na anapita sana.

#8 babu_kapasita
Ahsante. Nimemaliza.

#9 multimita_mkononi
Hujamaliza kitu. Kubonyeza kila saa kunapasha na mazabodi pia, kunakausha na wino. Hilo swali lako halitenganishi chochote.

#10 kijana_wa_bios
Mbona mnazunguka wakuu, UV inafuta chipu ya BIOS (ile yenye programu ya kuwashia mashine). Hii inajulikana miaka mingi, chipu ya BIOS ikipigwa na UV data inafutika kidogo kidogo mpaka siku mashine inasahau kuwaka. Azitoe hizo taa haraka

#11 mzee_epromu
Kijana #10 umeshika mkia ukaacha ng'ombe. Chipu zinazofutika kwa UV ni EPROM za zamani, zile zenye kidirisha cha kioo cha kwatzi juu, unaona kabisa silikoni ndani. Na hazifutiki kwa taa ya disko, zinataka UV ya mawimbi mafupi ya nanomita 253.7, taa ikiwa karibu kabisa, kama dakika 15 hadi 20. Tulikuwa tunabandika stika nyeusi juu ya kidirisha kwa sababu hata jua kali la wiki moja moja kwa moja linaweza kuifuta. Taa za mapambo ziko kwenye 365 hadi 400 hivi, na BIOS ya Core 2 Duo iko kwenye flashi iliyofunikwa na plastiki nyeusi. Mwanga hauingii hata upige tochi mwaka mzima. Halafu kitu kilichofutika hakirudi chenyewe saa sita mchana, BIOS sio mtoto wa shule ya awamu ya pili.

#12 kijana_wa_bios
Sawa mzee nimekuelewa 😂

#13 disko_la_2004
Hebu tupisheni wenye historia. Hii michezo ya UV ndani ya kompyuta ilishika kasi miaka ya 2000 mwanzoni kabla taa za RGB (zile za kubadilika rangi) hazijaja kuua kila kitu. Kulikuwa na mazabodi za DFI, zile LANParty, sloti zake zilitengenezwa kiwandani na plastiki inayong'aa kwa UV, nyaya pia, feni pia, hadi maji ya kupozea. Taa zenyewe zilikuwa mirija myembamba ya kioo, katodi baridi, na kila mirija ina kibox chake cha inveta kinachopokea volti 12 na kutoa mamia ya volti, wakati wa kuwaka hata kupita elfu. Ile inveta ndio mchawi. Ikikaa karibu na nyaya za data inatupa kelele za umeme, na waya wake ukichubuka karibu na chuma cha kesi unasikia tsss tsss. Mleta uzi sema taa ni aina gani na inveta imebandikwa wapi. Mimi nawekea hela kwenye inveta.

#14 tanga_raha_pc
Hakuna mirija wala inveta mkuu #13. Ni mkanda wa LED umetoka Kariakoo, umeunganishwa kwenye plagi ya powasaplai, ile ya pini nne. Muuzaji alisema ni UV. Inatoa zambarau kali.

#15 disko_la_2004
Basi inveta naitoa. Ila "zambarau kali" imenitia shaka, mikanda mingi ya bei rahisi inayoitwa UV ni zambarau tu ya macho, 400 na kitu kwenda mbele. UV yenyewe ya 365 huioni sana, unaona kaweupe kazembe tu. Hailaita ya njano inang'aa hata kwa bluu ya kawaida kwa hiyo huwezi kujua kwa kuitumia hiyo.

#16 wakala_wa_kona
Njia rahisi ya kupima mnayo mifukoni. Sisi mawakala tunakuwa na kile kitaa cha kukagulia noti. Karatasi ya kawaida ya fotokopi chini ya UV inawaka bluu nyeupe kwa sababu kiwandani wanatia dawa ya kung'arisha, noti halali karatasi yake inabaki imefifia, zinawaka zile alama zake tu. Amulike karatasi na noti kwa pamoja kwenye giza. Kama vyote viwili vinaonekana zambarau sawasawa, muuzaji kamuuzia zambarau. Shati jeupe lililofuliwa kwa sabuni ya unga nalo linatosha, linawaka kwa dawa ileile.

#17 nge_wa_dodoma
Nikiongezea nje ya mada kidogo, UV halisi inang'arisha NGE. Huku kwetu usiku natembea na tochi ya UV nyuma ya nyumba kabla watoto hawajatoka, nge anawaka kijani-bluu unamwona mita kadhaa mbele hata akiwa kwenye mawe. Tochi ya zambarau feki inamwonyesha hafifu sana. Kwa hiyo kipimo changu cha taa ni nge.

#18 siti_ya_mbele
Mleta uzi sasa unatakiwa utafute nge umuweke kwenye kesi. Mapambo tayari na ulinzi juu.

#19 msee_wa_luthuli
Na yeye hapitishi umeme 😂😂

#20 maabara_ya_jikoni
Samahanini kwa kuchelewa, hii ndio mada yangu. Kwanza tuelewane kuna watu wanachanganya. Wino wa hailaita haujichaji mchana ukawaka usiku, ukizima UV na wenyewe unazima papohapo. Ile inayojichaji ni poda nyingine, siku hizi ni aluminati ya strontiamu, ndio ipo kwenye zile nyota za kubandika darini. Ni vitu viwili tofauti.

Pili rangi. Njano na kijani ndio zinawaka vizuri, mara nyingi ni pairanini au jamaa wa fluresini, pinki ni jamii ya rodamini, chungwa nayo sio mbaya. Hailaita ya bluu nyingi haziwaki kabisa, zinaonekana nyeusi tu, msinunue.

Tatu, kama mnataka bluu ipo dukani, maji ya toniki. Ile kwinini iliyomo inawaka bluu safi. Sio uvumbuzi wa juzi, Herschel aliiandikia mwaka 1845 na Stokes akaichimba vizuri 1852, kwa kwinini hiyohiyo tuliyokuwa tunapewa kwa malaria.

Na manjano ya pilau ukiyaloweka kwenye spiriti yanawaka njano ya kijani. Majani ya mchicha yakisagwa kwenye spiriti ukapata maji ya kijani, chini ya UV yanageuka mekundu. Jaribuni mtanishukuru. Kwa wenye fluresini, inawaka zaidi kwenye maji yenye alkali, ukitia magadi kidogo sana utaona tofauti.

#21 mama_wawili
Kwinini jamani mmenikumbusha sindano na masikio kuvuma siku nzima.

#22 multimita_mkononi
#20 somo zuri ila umemalizia vibaya. Magadi ni chumvi! Tunajadili chumvi inayovuta maji kwenye mazabodi halafu unashauri aongeze chumvi? Na toniki ina sukari, siafu wa Tanga watafanya mkutano mle ndani.

#23 maabara_ya_jikoni
Nimesema kwenye maji, kwenye chupa. Sijasema apake kwenye mazabodi. Soma taratibu mkuu.

#24 printi_tisheti
Kwa nini mnahangaika na hailaita wakati wino wa neon upo tele. Mimi naprinti tisheti, nina makopo ya neon pinki, kijani, chungwa, yote yanawaka UV kuliko hailaita mara nyingi tu. Achukue kikopo kidogo apake na brashi. Hauna maji kabisa kwa hiyo shoti hakuna.

#25 brashi_mbili
Kaka #24 kama ni plastisoli usimdanganye mtu. Plastisoli haikauki kwa hewa, inaiva kwenye joto la nyuzi 150, 160 hivi, ndio maana tunapitisha tisheti kwenye hita. Akiipaka kwenye mazabodi itabaki mbichi inanata mpaka mwisho wa dunia na vumbi lote la mtaa litahamia humo. Akitaka neon achukue akriliki ya maji ya wasanii, apake kwenye KESI na feni, sio kwenye bodi. Na feni apake jani zote sawa, ukizidisha upande mmoja inaanza kutetemeka na kuunguruma, beringi haimalizi muda wake.

#26 printi_tisheti
Ya kwangu ni ya maji. Ila kweli nimesema haina maji, nimechanganya makopo, hapo mmenishika.

#27 dada_wa_kucha
Sijui kama naruhusiwa humu lakini rangi ya kucha za neon zinawaka kwenye UV na ikikauka ni kama plastiki, haivuti maji. Kaka yangu hapa Mombasa amezipaka kwenye kingo za kesi na vichwa vya skrubu na ni safi hadi leo. Shida ni harufu na ule uyeyushaji wake, ukiidondosha kwenye plastiki nyingine inaila inakuwa na ukungu. Na upake kompyuta ikiwa imezimwa, dirisha wazi, ile inashika moto haraka.

#28 multimita_mkononi
Dada #27 unaruhusiwa na una akili kuliko nusu ya uzi. Wanaoongeza kasi ya prosesa kwa kuipoza chini ya sifuri hutumia rangi ya kucha hiyohiyo kukinga bodi na umande. Na viwandani kuna vanishi ya kinga inayopuliziwa juu ya bodi nzima, wanaitia kitu kinachowaka bluu kwenye UV ili mkaguzi aone kama kuna sehemu imerukwa. Kwa hiyo bodi inayong'aa kwa UV sio ushamba, ila ile imewekwa kuzuia unyevu na ya dogo imewekwa kuukaribisha.

#29 fundi_gesi_AC
Nawasalimu. Sisi mafundi wa AC za magari tuna dawa ya njano tunaingiza kwenye mfumo na gesi kutafuta liki, unamulika tochi ya UV na miwani ya njano, pale inapovuja panawaka. Ni ya mafuta haina maji. Chupa ndogo inakaa muda mrefu.

#30 brashi_mbili
Ila haikauki mkuu. Mafuta + feni + vumbi.

#31 fundi_gesi_AC
Nimesema ipo, sijasema apake.

#32 siti_ya_mbele
Huu uzi kila mtu amesema kitu na hakuna aliyesema apake. Nimependa.

#33 boda_wa_chuda
Mimi wa hapahapa Tanga. Reflekta yetu ya boda mbona inawaka, kata kipande bandika ndani ya kesi, kazi imeisha bila wino.

#34 maabara_ya_jikoni
Kitambaa chake cha njano-kijani ndio kinawaka kwa UV. Ile mistari ya fedha hapana, ile inarudisha tu mwanga kule ulikotoka, ukiimulika kwa UV haikupi rangi yoyote mpya. Kata njano uiache fedha, trafiki bado anakuhitaji nayo.

#35 mpemba_halisi
Jamani nyote mwahukumu wino. Mimi nipo Wete karibu na pwani na ninatengeneza tarakilishi na redio. Hewa ya bahari yenyewe ina chumvi. Huku bodi ambayo haijaguswa na hailaita hata siku moja hupata kutu ya kijani kwenye miguu ya chipu, na pini za RAM hufanya weusi. Dalili zake ni hizo hizo, feni yazunguka, kioo cheusi, baadaye yakubali. Achomoe RAM, asugue pini kwa ufutio wa penseli, afute kwa spiriti, arudishe. Ikiwaka asubuhi ajue ni bahari, wala si dogo.

#36 tanga_raha_pc
Wakuu nimesoma zote, ahsanteni. Tumepima na karatasi na noti kama #16 alivyosema: karatasi inawaka kidogo, noti imefifia ila ina zambarau juu yake. Kwa hiyo mkanda ni nusu nusu.

Kapasita tumezikagua za mazabodi, vichwa vyake viko sawa. Powasaplai hatujaifungua, mama kakataa. Pembeni ya sloti za RAM alipoandika jina kweli ukishika panakuwa kama panateleza asubuhi, mchana pakavu. Tunataka kusafisha, tunatumia nini?

#37 multimita_mkononi
PANATELEZA ASUBUHI, MCHANA PAKAVU. Naomba niwekwe kwenye kumbukumbu.

Kusafisha: kila mtu atakwambia alkoholi ya isopropili. Ni nzuri ila peke yake haitoshi, chumvi haziyeyuki vizuri kwenye alkoholi, utazisambaza tu. Toa betri ya CMOS (ile ndogo ya duara kwenye bodi), toa RAM, toa prosesa na hitisinki, osha sehemu zenye wino kwa maji yaliyochujwa kwa mvuke na mswaki laini, maji yasiyo na chumvi kabisa, ndio hayo wanayouza petroli stesheni kwa ajili ya betri za gari. Halafu ndio umalizie na alkoholi isukume maji, kisha ikauke kwenye hewa yenye upepo, usiharakishe. Msiogope maji, viwandani bodi nyingi zinaoshwa kwa maji safi baada ya kuchomewa risasi.

#38 msee_wa_luthuli
Hapo kwa maji ya betri chunga sana. Akienda dukani aseme vizuri, kuna maji ya kuongeza na kuna maji makali ambayo ni asidi. Akipewa ile ya pili hatuhitaji uzi tena

#39 babu_kapasita
Kutoona uvimbe sio kupona. Kapasita inaweza kukauka na kichwa kikabaki bapa. Na kuhusu powasaplai mama yuko sahihi, mle ndani kuna chaji inabaki hata ukichomoa waya ukutani, mtoto asifungue. Aazime nyingine tu, aifunge, aone asubuhi. Jaribio rahisi, mbona mnalikwepa?

#40 nesi_wa_zamu
Mimi sijui mazabodi ila kama huyo mdogo anakaa mbele ya hiyo taa usiku kucha, mwambie aielekeze ndani, isimpige machoni. Lenzi ya jicho nayo inang'aa kidogo ikipigwa na UV, ndio ule ukungu unaouona ukiitazama taa, na kuizoea moja kwa moja kila siku sio jambo zuri kwa macho.

#41 disko_la_2004
Kweli. Na plastiki pia haipendi UV, nyeupe zinageuka njano. Na mnaopamba mjue hailaita inafifia yenyewe, ile rangi inachoshwa na mwanga huohuo unaoiwasha, baada ya miezi unabaki na madoa ya njano ambayo hayawaki na yanaonekana mchana. Tulivyokuwa tunafanya sisi tunapaka juu ya mkanda wa plastiki ndio tunabandika, ikichakaa unabandua.

#42 tanga_raha_pc
Mrejesho. Jana tumetoa RAM, tumesugua pini kwa ufutio kama #35, tumeosha sehemu ya jina kwa maji ya betri (yale ya kuongeza, tuliuliza mara mbili) na mswaki, tukamalizia na spiriti, tukabadilisha na betri ya CMOS kwa sababu ilikuwa nje tayari. Feni na hitisinki kagoma zisioshwe, anasema ndio uzuri wake. Leo asubuhi saa moja imewaka mara ya kwanza.

#43 multimita_mkononi
Faini.

#44 mpemba_halisi
Ufutio.

#45 mzee_epromu
Betri ya CMOS ikichoka bodi nyingine hugoma kuwaka zikikaa muda bila umeme, nimeziona.

#46 babu_kapasita
Mmefanya vitu vinne kwa mpigo halafu kila mtu anachukua ushindi wake. Na jana mvua imenyesha au haikunyesha? Mashine ilikuwa kwenye meza ileile au mliisogeza? Ilizimwa saa ngapi? Hamjui mlichoponya.

#47 tanga_raha_pc
Ilizimwa saa saba usiku kwa sababu alikuwa anajaribu. Mvua haikunyesha.

#48 babu_kapasita
Saa saba usiku mpaka saa moja asubuhi. Haijalala hata usiku mzima. Zima saa mbili usiku uje uniambie.

#49 boda_wa_chuda
Babu hakubali kushindwa huyu

#50 tanga_raha_pc
Mrejesho mwingine, nimechelewa kidogo. Ikizimwa mapema, kuna asubuhi inawaka na kuna asubuhi inagoma mara ya kwanza, ya pili inawaka. Skrini nyeusi ile ya muda mrefu haijarudi.

#51 multimita_mkononi
Wino umebaki chini ya sloti, pale mswaki haufiki. Unatembea na maji unaingia chini ya plastiki. Osha tena.

#52 babu_kapasita
Ya kwanza inagoma ya pili inawaka. Soma #4. Polepole.

#53 mpemba_halisi
Inawezekana nyote wawili mkawa kweli na bahari ikawa kweli zaidi. Bodi ya umri ule pwani huumwa mambo matatu kwa wakati mmoja.

#54 dada_wa_kucha
Powasaplai ya kuazima imepatikana au bado?

#55 tanga_raha_pc
Kuna jirani anayo, anataka aachiwe simu kama dhamana. Mdogo wangu kagoma kutoa simu. Sasa hivi kanituma niulize, ile ya mchicha na spiriti ya #20 ikiwekwa kwenye chupa ndogo ya dawa ikafungwa vizuri na kubandikwa ndani ya kesi, itakaa nyekundu muda gani?

#56 maabara_ya_jikoni
Haikai, mwanga na hewa vinaiharibu haraka inageuka kahawia. Na spiriti ndani ya kompyuta yenye joto hapana. Atumie manjano kwenye gundi ya akriliki ya maji, apake kwenye karatasi, abandike ukutani nyuma ya kesi.

#57 multimita_mkononi
Nje ya kesi. NJE.